Bendi Iliyopendwa na Watu Wawili Bukavu

Sahani yenyewe, yaani santuri, niliikuta sokoni Nyawera, imefunika kikapu cha ndagala. Mama muuza samaki aliitumia kuzuia nzi, na kwa kazi hiyo ilifaa: ilikuwa pana, nzito, na tundu lake la katikati lilipitisha hewa. Nilipomuuliza ameitoa wapi, akasema maduka ya wageni yalipochukuliwa na serikali, wamiliki wapya walitupa nje vitu wasivyovijua, na kila mtu aliokota chake.

"Unaitaka?" akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na samaki yangu nitafunika na nini?"

Nikarudi nyumbani, nikachukua sahani ya bati tuliyokuwa tunalia ugali, nikamletea. Tukabadilishana sahani kwa sahani. Mama yangu alinisema wiki nzima kwa ajili ya ile ya bati.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, mwalimu wa darasa la tano katika shule ya wasichana kule Ibanda. Sikuwa nimeolewa, na niliishi na mama yangu, mjane mshonaji, katika vyumba viwili. Marehemu baba alituachia fono, ile mashine ya kupigia sahani, ya aina inayofungwa kama sanduku na kutumia mawe ya redio, yaani betri, umeme ukikatika. Niliiosha sahani kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nikaikausha kwa kitenge, nikaiweka. Harufu ya samaki ilipanda pamoja na muziki.

Walikuwa vijana watano wa Kiingereza, wa miaka ile ya sitini ambapo sisi huku tulikuwa tunakimbia vita na kurudi. Jina la bendi lilikuwepo kwenye karatasi ya katikati, limebabuka nusu, lakini likisomeka. Sitalitaja. Nimelitaja mara nyingi mno maishani mwangu, mbele ya watu wenye redio, mbele ya mapadri, mbele ya Wazungu wenyewe, na sijapata hata mmoja aliyesema, "Ndiyo, nawajua." Nimechoka kuona nyuso za watu zikitafuta cha kusema.

Hawakuwa wakipiga magitaa tu kama wengine. Walikuwa na fidla, na ile fidla kubwa inayolia kifuani, na tarumbeta ya taratibu, na kinanda cha ajabu ambacho sauti yake ilikuwa kama nyuzi zinadonolewa na kuku. Wimbo mmoja ulinishika kuliko zote. Mwalimu wetu wa Kiingereza alinitafsiria maneno: mzee anafagia majani mbele ya nyumba ambayo imekwisha kuuzwa. Fidla zinaanza, sauti zinafuata, na wewe unadhani wimbo umekamilika. Halafu zumari linaingia, limechelewa kabisa, kama mtu aliyechelewa misa anayepita ubavuni kwa ncha za vidole akitafuta kiti. Mara ya kwanza nilipolisikia niliacha kusahihisha madaftari.

Basi nikadhani, kwa ujinga wa ujana, kwamba jambo zuri linatosha kuonyeshwa tu.

Nilianza na mama. Alisikiliza nusu ya upande mmoja, mguu wake ukiwa juu ya kanyagio la cherehani.

"Ni ya matanga?"

"Hapana, mama."

"Basi juu ya nini banalia?"

Jirani yetu wa ukuta wa pili aligonga, akasema kwa upole kwamba kama nina matatizo niyaseme, lakini niweke rumba. Walimu wenzangu walikuja kunywa chai, wakavumilia nyimbo mbili, kisha wakaanza kuzungumza juu ya kitenge kipya. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa chama. Jumamosi zote tulifundisha wasichana nyimbo za kumsifu kiongozi na kuzicheza kwa mistari. Aliponisikia namwimbia mwenzangu ule wimbo wa mzee na majani, alinisimamisha uani.

"Sitwayeni mwalimu, hii si muziki yetu." Sitwayeni, yaani raia, ndivyo tulivyoamriwa kuitana.

"Sikusema ni yetu, nimesema ni nzuri."

Akanitazama kama niliyemjibu kwa Kichina. Wala sikuwa adui wa rumba. Niliipenda na kuicheza. Lakini kwa nini mtu akipenda kitu cha pili huonekana ametukana cha kwanza?

Halafu nikampata mwenzangu. Laiti ningejua.

Mama alikuwa amenituma ofisi ya viwanja kwa sababu jina lake lilikosewa kwenye hati. Nyuma ya meza, mzee mmoja wa kama miaka sitini, amevaa abakosti, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa, alikuwa amelalia ramani na kalamu ya wino. Alikuwa mpima viwanja tangu enzi za Wabelgiji. Na alikuwa anapiga mbinja. Nilisimama nikisikiliza. Ilikuwa ile sehemu ya zumari.

"Papa, hiyo wimbo umeijulia wapi?"

Hakuinua kichwa. "Mademoiselle, hii wimbo huwezi kuijua." Kisha akajirekebisha, maana neno mademoiselle lilikuwa limepigwa marufuku, "Sitwayeni."

Nikataja jina la bendi. Kalamu yake ikasimama, na tone la wino likaangukia kiwanja cha mtu.

"Uko na sahani?"

"Niko nayo."

"Ya kwanza ao ya pili?"

Sikujua kwamba ziko mbili. Alinihoji kama polisi: idadi ya nyimbo, rangi ya karatasi ya katikati, wimbo wa mwisho. Ikaonekana yangu ni ya pili. Yeye alikuwa na ya kwanza, aliyoachiwa na bosi wake Mbelgiji aliyekimbia mwaka wa mamluki, walipouteka mji, bila hata kufunga madirisha. Wimbo wa mzee na majani ulikuwemo kwenye sahani zote mbili. Vijana wale waliurudia.

"Ah, ya pili," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa pole. "Pale walishaanza kuharibika."

Baadaye nilikuja kugundua kwamba hiyo ya pili alikuwa hajawahi kuisikia hata siku moja. Lakini siku ile nilimwamini, nikaumia, na nikasahau hati ya mama mezani pake.

Nilimwomba aniazime sahani yake. Akakataa. Akaniomba yangu. Nikakataa. Tukakubaliana kwamba Jumapili, baada ya misa ya pili, atakuja kwetu.

Alifika amebeba sahani kifuani, imefungwa kwa karatasi ya ramani na kamba, kama mtu anayebeba mtoto wa kubatizwa. Hakuniruhusu kuigusa. Aliiweka mwenyewe, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo, akakaa kwenye kiti kizuri bila kukaribishwa. Muziki ukaanza, nami nikafumba macho.

"Sasa!" akasema.

Nikafumbua.

"Sikia! Hapa! Sasa fidla... hapa! Umesikia?"

Ningesikia nini? Nilisikia yeye. Alizungumza kutoka mwanzo wa upande wa kwanza hadi mwisho wa upande wa pili. Alitangaza kila chombo kabla hakijaingia, kama kondakta anayetaja vituo. Alipiga hewa kwa penseli. Mara tatu aliinua mkono wa fono ili arudishe nyuma na kunieleza kitu nilichokuwa ninakisikia vizuri mpaka aliponieleza.

"Papa, tusikilize kwanza, halafu utanielezea."

"Ndiyo, ndiyo. Haya. Sikia sasa!"

Ikawa hivyo kila Jumapili, miezi na miezi. Alikuta makosa katika chai yetu, katika meza iliyoinamia upande, katika namna ninavyoshika sahani. Yangu alipoisikia kwa mara ya kwanza, alitingisha kichwa wimbo hadi wimbo, na mwisho akasema, "Nilikuambia." Nilitamani kumfukuza. Lakini katika mji mzima, kutoka ziwani mpaka juu Kadutu, ni yeye peke yake aliyejua ninachokisema nikisema "pale zumari linapoingia". Mungu angeweza kumpa maarifa hayo mtu yeyote. Alimpa huyu.

Jambo la kuniudhi zaidi ni kwamba mama alifurahi. Mwanamume wa ofisi, mwenye abakosti, anakuja kila Jumapili kwa binti yake wa miaka ishirini na saba! Alianza kupika kuku.

"Mama, ule muzee hakuje juu yangu. Anakuja juu ya muziki."

"Hata baba yako alisema anakuja juu ya kushonesha suruali."

Tuligombana, mimi na mzee, juu ya kile kinanda cha kudonoa. Nilisema kinanikumbusha lulanga ya babu yangu kule Walungu, ile zeze ya nyuzi nyingi ya watu wetu Bashi, jinsi babu alivyokuwa akiiegemeza tumboni na kuongea nayo jioni. Nilisema bila nia mbaya; ndiyo sababu hasa nilikipenda. Mzee aliweka kikombe chini.

"Ile iko clavecin. Bafalme ba Ulaya ndiyo balikuwa nayo. Lulanga iko kitu ya kijijini."

"Nyuzi ni nyuzi, papa."

"Mademoiselle, kama hausikie tofauti, basi hausikie kitu."

Nikamwambia kwamba ningesikia tofauti, na mengine mengi, kama angefunga mdomo wake hata kwa wimbo mmoja. Maneno hayo yalitoka yote kwa pamoja. Akasimama, akafunga sahani yake kwa karatasi na kamba, mafundo mawili, akamuaga mama na kuondoka. Mimi hakuniaga.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nikaweka sahani yangu, nikafurahia ukimya, nikafumba macho. Na kabla tu zumari halijaingia, kichwani mwangu mtu akasema, "Sasa!" Alikuwa ameniharibia hata nikiwa peke yangu. Nilizima fono kwa hasira.

Baada ya wiki ya tatu mama akavaa kitenge chake cha sikukuu, akaenda ofisi ya viwanja bila kuniambia, akarudi naye. Nilikuwa nakata mboga. Alimkalisha kwenye kiti kizuri, yeye mwenyewe akasimama, mikono kiunoni.

"Papa, mimi ni mama yake, baba yake alishakufa. Nakuuliza wazi. Binti yangu unamutakia nini?"

Nilitaka ardhi inimeze. Mzee alitutazama kwa zamu.

"Maman," akasema mwishowe, "bibi yangu wa ndoa alikufa tangu zamani. Sitafute bibi. Natafuta fono."

"Fono?"

"Sina fono."

Ikatoka yote, polepole, huku akiangalia viatu vyake. Bosi wake alipokimbia aliacha sahani na mashine. Sahani ilibaki kwake. Mashine askari waliichukua wiki ile ile. Tangu mwaka wa mamluki mpaka siku aliyoingia kwetu hakuwa ameisikia. Alikuwa akiitoa kwenye karatasi, akiiangalia, na kuipiga kwa mbinja kutoka kichwani, wimbo kwa wimbo, akiogopa kwamba anaanza kuisahau, au mbaya zaidi, kwamba anabuni. Sasa kila Jumapili alipokuwa akisema "hapa, sikia", hakuwa ananifundisha mimi. Alikuwa anahakikisha kwamba kitu kipo pale alipokiweka.

Mama aliketi chini. "Na hukuweza kusema?"

"Mutu ya heshima atasema namna gani?"

Nilifurahi kwamba hakutaka kunioa. Niliudhika kidogo pia kwamba nimeshindwa na fono. Zaidi ya yote niliudhika kwa sababu sasa nisingeweza tena kumchukia kwa raha.

Alirudi Jumapili, na akaendelea kusema. Nilidhani kumwelewa kutanisaidia kumvumilia, haikunisaidia sana. Na siku moja, akiinua mkono wa fono ili kunirudishia sehemu niliyokwisha kuisikia mara mia, vidole vikamteleza, mkono ukaanguka, na sindano ikavunjika.

Tukainama wote wawili kuitazama.

"Sindano yako ilikuwa ya zamani," akasema.

Nilitoka uani, nikaanika nguo ambazo zilikuwa zimekwisha kuanikwa.

Wakati ule maduka ya mjini yalikuwa na rafu tupu. Kupata sindano ya fono ilikuwa kama kutafuta theluji. Tulienda kwa fundi mmoja Kadutu, akatuwekea sindano ya chuma aliyoichonga mwenyewe. Akataka kujaribu.

"Tujaribu na yako," mzee akaniambia.

"Kwa nini yangu? Wewe ndiye uliyevunja."

"Yangu ni ya kwanza."

"Na yangu haina mwenzake!"

Tulibishana mbele ya mlango mpaka wapita njia wakasimama. Mama, aliyekuwa amekuja nasi, akatoa kikapuni sahani yake ya nyimbo za Noeli, aliyopewa na baba walipofunga ndoa, ili tu tunyamaze. Sindano ile iliilima kama jembe. Noeli ikatoka na matuta. Mama aliichukua sahani yake. Alirudi nyumbani mbele yetu.

Kwa miezi tukawa na sahani mbili na mashine isiyoweza kuzigusa. Halafu mzee akatumwa kupima mashamba ya mpunga kule bondeni Ruzizi. Kazi ilikuwa ya wiki moja. Ikapita ya pili, ya tatu. Mama akaanza kuwasha mshumaa kanisani. Alipotokea mlangoni alikuwa na ndevu, abakosti imejaa tope, anatetemeka kwa malaria, na mkononi kifuko cha mchele wa Luvungi kwa ajili ya mama. Kazi ilipokwisha hakurudi na wenzake. Alibaki Luvungi, mvua ikakata barabara, akalala kwenye ukumbi wa parokia, na kila lori lililopanda kutoka Uvira alilisimamisha kumuuliza dereva habari za sindano. Dereva mmoja alimletea katika safari ya pili. Mzee aliitoa mfukoni, ndani ya kiberiti, imeviringishwa pamba.

"Jaribu," akasema. "Na yangu."

Tulimfunika blanketi kwenye kiti kizuri, mama akampa kwinini, nikaweka sahani yake. Sindano ilikuwa yenyewe. Alisikiliza pande zote mbili bila kusema kitu, meno yakigongana, na hivyo ndivyo nilivyoisikia sahani ya kwanza kwa mara ya kwanza, ingawa ilishapigwa nyumbani kwangu labda mara arobaini. Nikasikia kwamba vijana wale walikuwa vijana kweli. Mahali fulani sauti mbili zinakosana na hawakujisumbua kurekebisha. Mwisho wa wimbo mmoja mtu anakohoa. Katika ile yangu kila kitu kimepigwa pasi. Katika hii walikuwa bado hawajui wanachoweza, wakajaribu vyote.

"Papa," nikasema, "iko nzuri. Pengine kushinda yangu."

Akafungua jicho moja. "Nilikuambia."

Hata malaria haikumtibu.

Mwaka uliofuata alistaafu, na akaamua kurudi kwao Mwenga. Alikuja kuaga siku ya kazi, asubuhi, nikiwa natoka kwenda shule. Alikuwa na sahani yake kwenye karatasi ya ramani. Akaniambia amefikiri vizuri: yeye ya kwanza anaijua kichwani, nami ya pili naijua. Kila mmoja akibaki na yake, ni kubeba mzigo bure. Tubadilishane.

Ilikuwa busara, na ilinikera kwamba haikutoka kwangu. Nilichelewa shule siku hiyo. Nilipompa yangu aliinusa.

"Mbona inanuka samaki?"

"Inanuka tangu zamani, papa. Haukunyamaza kutosha ili uinuse."

Akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Akamsalimu mama kwa mikono miwili, akapanda lori la wachuuzi wa dhahabu lililokuwa linamngoja, na kabla halijaondoka akaanza kumweleza dereva namna ya kupanga mizigo.

Barua yake ilifika baada ya muda mrefu, imeletwa na mtawa aliyeshuka kutoka Mwenga. Kurasa nne, mwandiko wa ramani, kila herufi imesimama peke yake. Mama aliacha cherehani.

"Anasema nini?"

Nilisoma mpaka mwisho, nikarudia, nikitafuta.

"Anasema masista wa huko wako na fono. Anasema kwenye wimbo wa tatu fidla ya pili imechelewa, na kwamba mimi niliishi na sahani hiyo miaka yote bila kugundua."

"Na afya yake?"

"Hasemi."

"Na nyumba alipata? Anakula kwa nani?"

"Hasemi, mama. Ni fidla tu."

Mama akatikisa kichwa, akarudi kushona. Mimi nilichukua daftari jipya la shule, nikachana kurasa za katikati, nikakaa mezani kumjibu. Fidla ya pili haikuchelewa. Ile ya kwanza ndiyo iliyotangulia, na nilihitaji kurasa sita kumthibitishia.